Bamama Walivyolifunga Wingu Langu

Kwetu Likasi ukimwambia mtu kwamba salfa imepotea, atakutazama usoni kuona kama una homa. Nilikulia karibu na kiwanda cha asidi, upande ule ambako upepo ukigeuka, akina mama wanatoka mbio kuanua nguo kabla hazijaota vitundu. Nilijua harufu ya salfa kabla sijajua harufu ya maua, na maua yenyewe ya kwetu, kusema kweli, yalikuwa yananuka salfa. Kwa hiyo siku nilipomweleza baba yangu kwamba kazi yangu ng'ambo ni kutafuta salfa iliyopotea angani, aliacha kula. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda kile mpaka akastaafu. Pua yake haikuweza tena kutofautisha samaki mbichi na samaki aliyechacha, jambo ambalo mama yangu alilitumia vibaya karibu kila wiki.

"Inapotea?" aliuliza. "Soufre? Basema inapotea?"

Nilimweleza polepole, kama unavyomweleza mtu aliyetukanwa. Kati ya nyota na nyota kuna mawingu, si haya ya mvua, bali ya gesi na vumbi. Ni makubwa kupita akili, ni meusi, na ni baridi kuliko kitu chochote tulichowahi kukigusa. Humo ndimo nyota huzaliwa: gesi hujikusanya, hujibana, inajibana tena, mpaka siku moja inawaka. Kabla ya kuwaka inapika molekuli za kila namna. Wataalamu wakipima kaboni, wanaikuta. Wakipima oksijeni, nayo hawaikosi sana. Lakini salfa inayopaswa kuwamo, wakiipima wanapata kidogo tu, na sehemu kubwa hawajui imejificha wapi. Wengine wanasema imeganda juu ya chembe za vumbi. Mimi nilikuwa mmoja wa watu wanaobishana juu ya jambo hilo, na ubishi ndicho kipaji nilichozaliwa nacho.

"Waambie bakuye huku," baba alisema, akarudi kwenye bukari yake, ugali wa kwetu. "Banuse bule."

Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa sababu fedha za masomo zilikwisha. Miaka kadhaa nilikuwa nchi ya baridi, nikisoma gesi za mawingu hayo kwa darubini ya redio. Darubini ya redio haina kioo cha kuchungulia. Ni sahani kubwa ya chuma juu ya mlima, nayo inasikiliza. Kila molekuli ikizunguka hutoa mawimbi yake kwenye namba yake, kama stesheni ya redio. Ukiijua namba, unaelekeza sahani kwenye wingu, unangoja. Mimi nilikuwa nangoja gesi moja yenye harufu ya yai viza, ambayo ina salfa ndani yake. Katika wingu langu, lililo katika kundi la nyota liitwalo Ng'ombe, hakuna aliyekuwa ameisikia bado pale nilipotaka mimi, katikati kabisa, penye giza zaidi.

Msimamizi wangu alikuwa ameniombea saa chache za darubini hiyo, mchana mmoja mwanzoni mwa Machi. Watu wengi hawajui kwamba redio hizi husikiliza hata jua likiwa linawaka. Sikuhitaji kuwapo mlimani. Ningefuatia kwenye kompyuta, popote penye mtandao, huku mwendeshaji akiigeuza sahani. Nikiipata gesi yangu, chuo kingeniongezea muda na fedha nimalize shahada ya udaktari. Nisipoipata, hakuna, ahsante kwa kuja.

Mama yangu alikuwa na mpango mwingine. Alikuwa muuza vitenge sokoni, na ndugu zangu wote walishatawanyika, huyu Kolwezi, yule ng'ambo ya mpaka Ndola. Mimi kitinda mimba ndiye niliyekuwa tumaini lake la mwisho la kuwa na mtu wa kugombana naye jioni.

"Weye unasoma tangu niko na meno yote," aliniambia. "Hapa ku labo banatafuta bantu ba chimie. Koti nyeupe! Na kila mangaribi unarudia ku nyumba, unakula na shiye."

Ilikuwa kweli. Maabara moja ya kupima madini mjini ilikuwa tayari kunichukua. Ningepima kobalti katika mawe, ningekuwa na kiti changu na mhuri wangu. Nilitamani kukataa kwa kishindo, lakini usiku ule nilikuwa nakula chakula chake, na si vizuri kupiga kelele mdomo ukiwa na sombe, kisamvu cha mtu. Tukapatana. Au tuseme yeye alipatana, mimi nikaitikia.

"Ile wingu yako ikisema kintu, unaenda," alisema. "Ikinyamaza, unavaa koti nyeupe, na minye sitaki tena kusikia mambo ya mawingu mu nyumba yangu."

"Minye niko témoin," alisema baba, akanyoosha mkono hewani kama shahidi anayekula kiapo, bukari ikiwa bado vidoleni.

Sasa, ili mambo yaliyofuata yaeleweke, lazima niseme kidogo kuhusu mvua. Kwetu mtu akiwa na harusi katika msimu wa mvua, mvua inafungwa. Zamani kulikuwa na wazee wa kazi hiyo. Unampelekea mzee kuku, naye anajua la kufanya, na mvua inakwenda kunyesha kwa jirani. Bamama, yaani akina mama wa kanisa la mama yangu, hawataki kusikia habari za wazee wale, wanasema ni mambo ya giza. Lakini kazi yenyewe hawakuiacha, waliihamishia kwenye maombi tu. Na wanaiweza. Kuna harusi moja ya mtaa wetu ambapo ilinyesha pande zote nne, na uwanjani penyewe vumbi lilikuwa linatimka. Baba, ambaye ni Mkatoliki wa misa ya alfajiri, husema kwamba Mungu wa kanisa la mama ana matatizo ya masikio, ndiyo maana wanampigia kelele vile. Mama hujibu kwamba Mungu wa kanisa la baba amelala, kwa hiyo wanamnong'oneza. Ndoa yao imesimama juu ya hoja hizo mbili, nayo imesimama imara.

Februari ile mvua ikaacha kunyesha ghafla. Mwanzoni nilifurahi, nguo zilikauka. Halafu mahindi ya nyuma ya nyumba yakaanza kujikunja majani, na watu wakaanza kutazama juu na kuguna. Nami sikufikiria kitu, mpaka siku nilipokwenda sokoni na mwanamke mmoja muuza nyanya, wa kundi la maombi la mama, akanishika mkono meno yote nje.

"Mutoto, unaona kazi yetu? Mbingu iko safi kama sahani."

"Kazi gani, mama?"

"Si tulifunga mawingu! Mama yako alituambia weye unaangalia nyota, na mawingu iko mingi, hautaona. Tulisema hapana. Mutoto wetu ataona."

Nilisimama pale na mfuko wa nyanya kama mtu aliyeambiwa kwamba ameoa. Bamama wazima walikuwa wamekesha na kujinyima chakula kwa ajili yangu, na walikuwa wamezuia mvua ya mji mzima, wakati darubini yangu ilikuwa juu ya mlima katika bara lingine, na kitu pekee nilichokuwa nakitaka kutoka kwa Mungu kilikuwa ni wingu.

Nilirudi nyumbani kumwambia baba, nikidhani atanihurumia. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akawa na uso wa mtu mwenye wasiwasi, uso ambao huuvaa akitaka kunichokoza zaidi.

"Banafunga mvula? Na Lufira itakunywa nini? Mwadingusha ikikauka, Koni na yenyewe inakauka, courant inaisha. Ile machine yako utaiwashia na makala?"

Alikuwa anatania, lakini moyo ulinishuka. Umeme wetu unatoka huko, kwenye mabwawa hayo ya mto Lufira, na hata maji yakiwa mengi unakuja kama mgeni, ukipenda. Nikaona wazi: maombi yaliyofanywa ili nione yangenifanya nisione chochote. Alasiri ile ile nikaenda kanisani.

Walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na kiongozi wao, mjane mmoja mnene mwenye sauti ya kumwamsha mlinzi, alinipa nafasi niseme. Mama alikuwa safu ya mbele, amejaa fahari, akidhani nimekuja kushukuru.

"Bamama," nilisema, "minye sitafuti kuona nyuma ya wingu. Minatafuta wingu yenyewe."

Bamama wakatazamana.

"Wingu ya mvula?" aliuliza kiongozi.

"Hapana, mama. Ingine. Iko mbali, kule ku nyota."

"Basi ile tulifunga ni gani?"

"Ni ya Likasi."

"Na ile yako?"

"Sijui. Labda na yenyewe mulifunga."

Bibi mmoja wa nyuma alianza kucheka, akajifunika uso kwa kitenge, na mabega yakaendelea kucheka bila yeye. Mama yangu hakucheka. Alinitazama kwa macho ambayo, nilipokuwa mdogo, yalinifanya nikumbuke ghafla kwamba nina vyombo vya kuosha. Mjadala ukazuka. Wengine walisema jibu la maombi halirudishwi, si kitenge cha sokoni ambacho rangi ikikukataa unabadilishiwa. Wengine walisema mahindi yao hayana hatia. Kiongozi aliwaacha waseme, kisha akainua mkono.

"Mungu hakukosea," alisema. "Ni shiye hatukuweka adresse muzuri."

Akaniuliza nahitaji nini hasa, niseme mbele ya wote. Ningeweza kusema sihitaji kitu, lakini ukweli ni kwamba kulikuwa na jambo moja. Unyevu hewani hula mawimbi yale kabla hayajaifikia sahani. Hewa ya mlimani ikiwa na unyevu siku yangu, saa zangu zingepotea, na hazirudishwi. Nikawaambia hivyo: kule nataka ukavu.

"Basi ukavu uende kule, mvula irudie huku," alisema kiongozi. "Kule ni wapi?"

Nilionyesha kwa kidole upande wa kaskazini. "Kama unaenda Mulungwishi, halafu usisimame."

Wakainuka wote, wakageuza viti vyao upande wa Mulungwishi, miguu ya plastiki ikikwaruza saruji, wakaanza. Mimi ni mtu wa vipimo na makadirio ya makosa, lakini niligeuza kiti changu pia. Sikutaka kuwa mtu pekee aliyeuelekezea mgongo mlima wake.

Mvua ilirudi, kama vile ingerudi hata hivyo, au kwa kuwa bila maombi yao isingerudi kamwe. Sina kipimo cha kuamulia, na mama hakuniruhusu nitafute. Ninachojua ni kwamba siku yangu ilipofika, mbingu yote ilimwagika juu ya Likasi. Umeme ulikatika tulipokuwa tunamaliza chakula cha mchana. Baba, aliyekuwa ameitazamia saa hiyo kwa furaha isiyofichika, akaiburuta jenereta yake hadi barazani. Mashine hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko wangu, na iliwaka tu kwa mtu aliyeitukana kwa majina inayoyajua. Ikawaka. Nikafungua kompyuta mezani, simu dirishani ikivuta mtandao, na mama akavuta kiti akakaa kando yangu. Mvua ilikuwa imemzuia kwenda sokoni, au ndivyo alivyosema.

Mwendeshaji wa darubini, mtu niliyemjua kwa sauti tu, alinisalimu kwa Kifaransa. Alisema hewa ya mlimani ni kavu ajabu, hajaiona kavu hivyo msimu mzima. Mama alilishika neno hilo moja, kavu, akainua mikono miwili juu. Bati lilikuwa linapigwa na mvua kiasi kwamba mwendeshaji aliniuliza kama niko karibu na kiwanda.

Tukaanza kungoja. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja unaotetemeka, kama majani mafupi ya uwanjani. Nilimweleza mama: yote hiyo ni kelele tu. Kila baada ya muda kidogo, kipimo kipya kinajumlishwa juu ya vile vya zamani, na kelele inapungua kidogo, inapungua tena. Kama hakuna kitu, majani yatakuwa bapa. Kama kuna kitu, kitabaki kimesimama peke yake, kichuguu kidogo. Nikabandika kipande cha plasta chini ya kioo mahali ambapo kinapaswa kuota.

"Hapa tu?" aliuliza.

"Hapa tu. Kikiota pengine, si chetu."

Nilisema "chetu" bila kufikiri, na aliliacha lipite. Alitazama. Mwanamke yule anaweza kukitazama kitenge kwa muda mrefu hivyo hivyo, akitafuta uzi mmoja uliokwenda upogo, na mteja anachoka kabla yake. Majani yaliendelea kupungua. Chini ya plasta hapakuwa na kitu. Niliangalia namba, nikaangalia tena, nikamuuliza mwendeshaji kama sahani imeelekea mahali pake, akanijibu kwa upole wa mtu anayeulizwa na kila mtu swali hilo. Alasiri ilikuwa inakatika. Saa zangu zilikuwa zinakaribia ukingoni.

Kisha jenereta ikakohoa mara moja, ikazima. Kompyuta ilikuwa na betri yake, lakini si nyingi. Nikatoka mbio barazani. Baba alikuwa amesimama kwenye mvua ya pembeni, ameifunikia jenereta mwavuli kama mgonjwa, mwenyewe amelowa chapachapa.

"Inafanya nini?" alipiga kelele, akimaanisha wingu.

"Inanyamaza, papa."

"Ngoja. Soufre haina adabu. Inakuya saa yenye inapenda."

Nilishika tochi huku akisafisha plagi kwa ncha ya shati, na hapo nikalia. Nasema wazi, nililia, na mvua ilinisaidia nisionekane. Sikuwa nalilia wingu peke yake. Nilipenda kazi ile kama watu wengine wanavyopenda mtu. Nilipenda kwamba mawimbi yale yaliondoka kule kabla babu za babu zangu hawajazaliwa, yakasafiri muda wote huo bila kujua kama kuna mtu anayesikiliza. Na nilijua ningevaa koti jeupe, ningepima kobalti vizuri, ningekula jioni na wazazi wangu, na wasingeona kosa lolote usoni mwangu. Nilimwambia baba kwamba kesho nitakwenda maabara. Aliitukana jenereta kwa jina jipya, la kutisha, lisilofaa kwa mtu wa misa ya alfajiri, nayo ikawaka.

Wakati huo huo mama akaita kutoka ndani.

"Kuya uone. Kinatoka."

Niliingia nikitiririka maji. Chini ya plasta, pale pale, majani yalikuwa yamesimama. Kilikuwa kichuguu kidogo sana, cha kuaibisha, lakini kilikuwa mahali pake na upana wake ulikuwa sahihi, na kipimo kilichofuata kilipoingia, kelele zilishuka, chenyewe hakikushuka. Mwendeshaji naye alikiona. Nilimsikia akipiga makofi huko mlimani, peke yake, katika chumba chake kikavu. Baba aliingia na mwavuli wazi ndani ya nyumba, akauliza iko wapi, akaonyeshwa, akasema ameona nundu kubwa zaidi kwenye matope ya asidi, kisha akanikumbatia na maji yake yote.

Mama alikuwa bado amekaa. Baada ya baba kwenda kubadili nguo, niliona kwamba macho yake ni mekundu.

"Mama, kilitoka saa ngapi?"

"Wakati ulienda inje tu, kilikuwa hapa."

Muda wote ule wa plagi na tochi. Nilikaa kwenye kiti changu. "Na hukuniita?"

Alinyoosha kitenge chake juu ya magoti, akapapasa pindo lote kabla ya kujibu.

"Nilisema, nikifunga hii machine, hakuna muntu atajua. Utabakia. Niliweka mukono hapa." Akaonyesha mfuniko wa kompyuta. "Halafu nikakaangalia tena. Kadogo vile, na kanatoka mbali yote ile. Mama gani atakanyamazisha?"

Sikumwambia kwamba hata angefunga mashine, vipimo vyote vilikuwa vinahifadhiwa kule mlimani, na kesho yake ningekiona tu. Angefikiri mkono wake aliurudisha bure, na haikuwa bure. Mimi, mbishi wa ukoo mzima, nilikaa nimemshika mkono huo kama mtoto.

Akauacha kwa muda. Kisha akajifuta macho, akaniuliza kama kule ninakorudi wanauza unga wa mahindi, au aanze kunitafutia.